Siku niliyompeleka Babu kuuona mti wake

Januari 2025, moto ulipokuwa unateketeza Altadena kule Los Angeles, jamaa mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa Sacramento, California, aliweka video ya nyumba zinazowaka, halafu akaandika: "Hivi hawa watu si wana magari? Kwa nini wasikimbie?" Wakafuata wengine na vikatuni vya kucheka. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka zamu ya usiku, nimevua viatu tu. Nikaandika jibu refu, nikalifuta. Nikaandika lingine, nikalifuta. Mwisho nikalala.

Basi jibu langu ndilo hili. Limechelewa, najua, lakini linamhusu mzee mmoja ambaye sikuweza kumweleza kwa meseji ya mistari miwili.

Mimi ni mbeba maboksi, kama tunavyojiita sisi wa kazi za mikono ughaibuni, na boksi langu ni wazee. Tangu 2016 nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee kusini mwa Sacramento. Usidhani ni jengo kubwa lenye lifti. Ni nyumba ya kawaida ya mtaani, vyumba sita, wazee sita, na usiku mfanyakazi ni mmoja. Nawaogesha, nawabadilisha pampasi, nawapa dawa, nawasikiliza. Mama yangu kule Marangu huwaambia watu kwamba niko "hospitali", nami simrekebishi.

Babu aliletwa kwetu Desemba 2018. Jina lake silitaji. "Babu" nilianza kumwita mimi, maana kumwita mtu wa miaka 84 kwa jina lake la kwanza, kama wafanyavyo wenyewe, mdomo wangu ulikataa. Akaniuliza maana yake. Nikamwambia. Akasema wajukuu zake wa damu wanamwita kwa jina, basi si vibaya akipata hata mmoja wa kumheshimu.

Alikuja na mfuko mmoja wa plastiki. Ndani: pajama za msaada, sweta ya mtu mwingine mnene kuliko yeye, na bahasha ya karatasi za bima. Meno ya bandia hana, vifaa vya kusikilia hana, vyote viliungulia kwenye glasi na kisahani kando ya kitanda. Wiki mbili za kwanza nilimpa uji mwepesi na nikawa naongea naye kwa kupiga kelele sikioni, mpaka jirani zetu wa ng'ambo ya uzio wakaja kuuliza kama kuna ugomvi.

Alitoka Paradise, mji ulioteketea kwa moto Novemba 2018. Kwa Kiswahili tungesema Peponi, na pale mjini mwanzoni palikuwa na kibao kikubwa kinachomtakia mgeni aukute mji kama jina lake linavyosema. Uko wilaya ya Butte, kama kilomita 145 kaskazini mwa hapa, juu ya mgongo wa kilima katikati ya makorongo mawili. Watu wake walikuwa kama 26,000, na wastaafu walikuwa wengi, kwa sababu nyumba zilikuwa za bei ambayo mtu wa pensheni anaimudu. Babu alihamia 1996 na mkewe. Alipenda kusema kwamba yeye peponi alishafika, akafukuzwa akiwa na pajama.

Moto wenyewe niliunusa kabla sijamjua yeye. Novemba ile ya 2018 moshi ulitushukia Sacramento karibu wiki mbili. Jua likawa kama yai bovu, shule zikafungwa, barakoa zikaadimika madukani, na huo ulikuwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya korona. Usiku nilikuwa naloweka mataulo na kuyaziba chini ya milango ili wazee wangu wasikohoe. Sikujua moshi huo ni nyumba ya mtu ambaye mwezi mmoja baadaye ningemlisha uji.

Alinisimulia kwa vipande, saa nane za usiku, wakati wa kidonge chake cha maumivu. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 8 Novemba. Mvua ya maana haikuwa imenyesha tangu Mei. Kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye korongo la mto Feather karibu na kijiji cha Pulga, laini kubwa ya umeme ilikatika mnarani. Kulabu la chuma lililoshikilia waya lilikuwa limelika kwa karibu miaka mia ya kuning'inia na kusuguliwa na upepo. Hapo chini kuna barabara inaitwa Camp Creek, ndiyo maana moto ukaitwa Camp Fire. Nasema hivi kwa sababu nimeshasikia Waswahili wenzangu wakieleza kwamba ulianzishwa na watu waliopiga kambi na kuchoma nyama. Hakuna aliyechoma nyama. Juni 2020 kampuni ya umeme, PG&E, ilikiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia. Mkurugenzi wake alisimama akakiri mara 84, mmoja baada ya mwingine, huku picha za marehemu zikionyeshwa. Faini ikawa kama dola milioni 3.5. Nilimsomea Babu habari hiyo kwenye simu, wakati huo tumejifungia na korona. Akaniuliza kila mtu imekuwa dola ngapi. Nikapiga hesabu, nikamwambia ni kama elfu arobaini na moja. Akasema pikapu ya jirani yake ilikuwa ghali kuliko hiyo.

Turudi asubuhi ile. Upepo ulitoka kaskazini mashariki, ukizibeba cheche mbele kabisa ya moto, zikivuka korongo na kutua juu ya mapaa na kwenye makapi ya misonobari. Ilipofika saa mbili mji ulikuwa unawaka sehemu nyingi kwa mpigo. Na hapa ndipo namjibu jamaa yangu wa WhatsApp. Babu aliamka saa mbili na kitu, akaangalia dirishani, akaona giza. Giza kabisa, la usiku. Moshi ulikuwa umeziba jua. Akadhani saa yake ya ukutani imeharibika, akarudi kulala.

Huwezi kukimbia asubuhi ambayo hujajua kama imefika.

Kuhusu tahadhari: mfumo wa kuwapigia watu simu ulikuwepo, ila ilibidi mtu awe amejiandikisha mwenyewe, na wengi hawakujiandikisha, Babu akiwemo. Hata waliojiandikisha, si wote waliofikiwa. Mpango wa kuhama nao ulikuwepo, tena mzuri. Mwaka 2008 walishahamishwa na moto wakajifunza, wakaugawa mji kwa kanda ili kila kanda itoke kwa zamu. Moto haukufuata zamu. Watu wote wakaingia barabarani pamoja, na barabara kubwa ya kuteremka, Skyway, katikati ya mji ilikuwa imepunguzwa njia miaka michache kabla, ili magari yaende polepole na watembea kwa miguu wawe salama. Wazo jema tu, kwa siku za kawaida. Ving'ora vya mnarani wameweka 2023.

Watu 85 walikufa. Majengo 18,804 yaliteketea, mengi kabisa yakiwa nyumba za kuishi. Nilisoma orodha ya waliokufa kwenye gazeti, jina na umri, jina na umri. Sabini na kitu, themanini na kitu, sabini na kitu, tisini na kitu. Nikaona ni wazee wangu wale wale: asiyeweza kutoka kitandani bila kushikwa, anayesahau funguo, asiyesikia hodi. Wana magari, ndiyo. Babu alikuwa na gari zuri tu, limekaa uani lina vumbi, na leseni yake iliisha muda miaka miwili kabla. Na kule Altadena, jamaa yangu, karibu wote waliokufa walikuwa upande wa magharibi wa Lake Avenue, ambako amri ya kuhama ilitoka saa tisa na nusu usiku, masaa tisa mazima tangu moto uanze.

Kwetu Marangu ukipiga yowe watu wanatoka. Wanatoka na panga, na ndoo, na wengine na kanga moja tu kiunoni, na ambaye hakutoka ataulizwa kesho alikuwa wapi. Oktoba 2020, Mlima Kilimanjaro ulipowaka kuanzia Whona, njia ya Marangu, walipanda mamia ya watu, wanafunzi na wanavijiji, wakiupiga moto kwa matawi mabichi. Sisemi sisi ni bora. Nasema tu kwamba Babu hakuwa na mtu wa kusikia yowe lake, na kama angekuwepo, Babu mwenyewe asingelisikia la mwenzake.

Alikuwa na jirani. Na hapo ndipo mti unapoingia.

Kwenye mpaka wa kiwanja chake na cha jirani kulikuwa na msonobari mkubwa, mrefu kama mnara wa simu, shina upande wa Babu na nusu ya mizizi upande wa pili. Jirani alitaka ukatwe. Majani yake makavu, yale kama sindano, yalikuwa yanajaa kwenye mifereji ya paa lake, na yeye, fundi magari mstaafu, mtu wa mafuta na petroli, aliujua moto. Babu alikataa. Mkewe alikuwa ametundika pale kibakuli cha kulishia ndege, na mkewe alishafariki. Ugomvi ulianza 2007. Kulikuwa na barua, kulikuwa na wapima ardhi wawili waliokuja na majibu mawili, kulikuwa na simu za usiku. Kufika 2018 walikuwa wanasalimiana kwa kidevu tu.

Asubuhi ile jirani alikuwa ameshatoka na mbwa wake kwenye pikapu, ameshaingia barabarani kwenye msururu. Kwenye kioo cha nyuma akaona pazia za Babu zimefungwa na gari liko uani. Akarudi nyuma. Alipiga mlango kwa mkono, halafu kwa kiatu, halafu akavunja dirisha la chumba cha kulala, akamtoa Babu kitandani kama mtoto. Hakumpa muda wa kutafuta meno. Mwendo wa nusu saa hadi Chico uliwachukua saa tano. Nilimuuliza waliongea nini saa tano zote. "Mbwa alitapika," akasema. "Tuliongea kuhusu mbwa."

Machi 2019 Babu akaanza kunisumbua nimpeleke. Nyumba hakuitaka, nyumba alishaiona. Serikali ilikuwa imeweka ramani mtandaoni, kila nyumba na alama yake, na ya kwake ilikuwa nyekundu: imeharibika zaidi ya asilimia 50. Hilo lilimchekesha kwa siku kadhaa. "Zaidi ya 50! Waulize iliyobaki wameiweka wapi." Alichotaka ni kuuona mti. Jirani alikuwa ameshahamia Idaho kwa mwanawe, na hakuna aliyekuwa pale wa kumwambia kama umesimama au umeanguka.

Nikaongea na binti yake, akaridhia. Nikaongea na bosi, akaguna, akaridhia kwa sharti niende siku yangu ya mapumziko, bila malipo. Nikachemsha chai ya maziwa yenye tangawizi nikajaza chupa, nikakaanga maandazi, nikapakia kigari chake cha kutembelea, blanketi, pampasi za akiba, barakoa mbili za kufaa, na yale maovaroli meupe ya karatasi ya kuvaa ukiingia kwenye majivu. Maji ya kunywa nikasahau. Nimebeba nyumba nzima, maji nimesahau.

Njia ya 99 kwenda kaskazini ni tambarare kama meza. Mashamba ya mpunga, ya lozi, ya jozi, mifereji iliyonyooka. Ukiondoa matrekta makubwa, ungeweza kudhani uko Chekereni, Moshi ya chini, mlima tu ndio umekosekana. Babu alikula maandazi matatu, kwa meno mapya, akiyachovya kwenye chai kama mtu wa kwetu. Tulipofika Chico na kuanza kupanda Skyway, akaacha kutafuna.

Nilitegemea kuona weusi. Picha za moto zimetuzoesha hivyo. Lakini miezi minne ya mvua ilikuwa imepita, na nilichokiona kilikuwa na rangi ya kutu na majivu yaliyokauka. Dohani. Kila mahali dohani za matofali zimesimama peke yake, moja baada ya nyingine, kila moja na ngazi zake tatu za zege zinazopanda kwenda pasipo na mlango. Kando ya barabara, misalaba meupe. Malori ya kubeba kifusi yanapishana nasi kila dakika. Kabla kazi ile haijaisha waliondoa zaidi ya tani milioni tatu, na ilianzia pale, watu waliovaa meupe wakichotachota kama wanaochimba makaburi ya kale.

Na miti. Hili sikulielewa mpaka Babu aliponieleza. Kati ya nyumba na nyumba, ambazo hazikubaki hata fremu ya dirisha, misonobari imesimama. Mingine imebabuka ubavu mmoja, mingine ya kijani kabisa. Nikauliza inawezekanaje mti ukapona na nyumba ikaisha. Babu akasema mti mbichi una maji, na moto haukuja kama ukuta wa miali. Ulikuja kama mvua ya makaa. Kaa dogo linaingia kwenye tundu la hewa chini ya paa, linatua kwenye dari, nyumba inaanza kuungua kutoka ndani, kisha inaichoma ya jirani yake. Nyumba ndizo zilizochoma nyumba. Jirani alikuwa na haki kuhusu majani kwenye mifereji ya paa, akaongeza, lakini akaniomba nisimwambie huyo jirani.

Tulisimama kwanza kwenye kona moja ili Babu apumzike. Palikuwa na gari limeungua, limebaki gamba. Rimu za magurudumu zilikuwa zimeyeyuka na kutiririka barabarani kufuata mteremko, zikaganda: mto mdogo wa fedha, una vijito viwili, unang'aa juu ya lami kama uji uliomwagika mezani. Aluminiamu huyeyuka ikifika nyuzi 660. Niliinama nikapiga picha. Ilikuwa picha nzuri, siwezi kudanganya. Babu akashusha kioo, akauliza: "Hilo gari la nani?"

Nikasema sijui.

"Mimi nalijua," akasema, akapandisha kioo.

Sikuuliza kama mwenyewe alitoka. Ile picha niliifuta jioni ile, ingawa kufuta hakukubadilisha kitu, maana hadi leo naiona vizuri kuliko zote nilizozitunza. Tangu siku ile, watu wakinitumia picha za misiba ya mbali, hicho ndicho ninachojiuliza: la nani.

Kwake tulifika saa sita mchana. Kumvalisha mzee wa miaka 84 ovaroli la karatasi kando ya barabara, kwenye upepo, ni kazi ya watu watatu, na nilikuwa mmoja. Lilipasuka matakoni. Tukaenda hivyo hivyo.

Majivu yalikuwa yameshika ukoko juu, kama ukoko wa ugali kwenye sufuria, na ukikanyaga unazama hadi kifundoni. Tanki la maji moto limelala. Springi za godoro, zote, zimepangika sawasawa pale kitanda kilipokuwa, kitanda alichotolewa. Nilimwona akiviangalia kwa muda, halafu akahamisha macho. Kikaango cha chuma cha mkewe kilikuwa kizima, kina kutu tu. Vikombe viwili vya kaure vizima, na cha tatu kikavunjika nilipokishika. Nikauliza kama angependa nichekeche tutafute kitu, pete, medali, chochote, kwa sababu niliona kwenye viwanja vya jirani watu wameinama na machekeche wakifanya hivyo. Akasema hapana. Kikaango nikakichukua mimi. Kiko jikoni kwangu, nakaangia mayai.

Mahali palipokuwa kibaraza, maua ya manjano yalikuwa yamechanua mstari mzima, yale yanayoota kutoka kwenye kitunguu, daffodil. Nikajua sasa atalia. Watu wengi walikuwa wakiyapiga picha mji mzima na kuandika habari za matumaini. Babu akasema mkewe hakuyapenda hata kidogo, aliyapanda kwa sababu ni sumu na kulungu hawayali, kila ua alilolipenda kweli kulungu walilimaliza. Akapita.

Muda wa dawa ukafika, na ndipo nikagundua habari ya maji. Bomba lilikuwepo, bado limesimama kwenye uzio ambao haupo. Nilitaka kulifungua. Babu akanipiga kofi la mkono. Mabomba ya mji mzima yalikuwa yameingiwa na benzini baada ya moto, maji hayanyweki hata ukiyachemsha, na mimi mtunza wazee ndiye nilipaswa kulijua hilo kabla yake. Akameza vidonge kwa chai ya tangawizi, akasema ndivyo vitakavyomezwa kuanzia leo. Na kweli, hadi alipofariki 2022, hakukubali tena kumeza kidonge kwa maji.

Mti ulikuwepo.

Ulikuwa umesimama mpakani, peke yake, baina ya viwanja viwili visivyo na nyumba. Upande mmoja gome limekuwa mkaa mpaka juu kuliko kimo cha mtu mara tatu, na majani ya upande huo yamekuwa kahawia. Upande wa pili kijani. Kwenye shina, usawa wa kifua, palikuwa na alama ya rangi ya bluu iliyopulizwa na kibati kidogo chenye namba. Maelfu ya miti ilikuwa imetiwa alama namna hiyo, ni ya kukatwa isije ikawaangukia watu.

Babu aliweka kiganja juu ya rangi, kisha akanusa vidole. Nikamweleza habari ya isale, ili tu kuwe na mtu anayesema kitu. Kwamba sisi Wachaga mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, tunauwekea isale, mmea wa majani marefu, na huo huo isale ndio mtu anaoushika akienda kuomba radhi kwa jirani aliyemkosea. Ukiletewa isale huwezi kukataa. Baba yangu aligombana na jirani yake miaka sita juu ya hatua mbili za migomba, na siku walipopatana, isale ulichumwa kwenye mpaka ule ule waliokuwa wanaugombania.

"Na mpaka ukawa wapi?" Babu akauliza.

Nikasema hilo hawakuelewana mpaka leo.

Akacheka hadi barakoa ikamtoka. Kisha akaniomba simu. Namba aliijua kwa kichwa, ndiyo namba pekee aliyoijua kwa kichwa, na si ajabu: aliipiga kulalamika kwa miaka kumi na moja. Nikaweka sauti ya nje kwa sababu ya masikio yake.

"Niko uani," akasema Babu, bila salamu.

Kimya kidogo. "Uani kwako au kwangu?"

"Mpakani."

"Upo?"

"Upo. Umeungua upande mmoja."

"Upande gani?"

"Wako."

Ikasikika sauti kule Idaho, sikujua ni kikohozi au nini. Mbwa akabweka.

"Wameutia rangi," Babu akasema. "Wanaukata."

"Nilikwambia uukate 2007."

"Uliniambia."

Upepo ukapita juu kwenye majani yaliyobaki. Babu alikuwa ameshikilia kigari kwa mkono mmoja na ovaroli lililopasuka kwa mkono wa pili. Nikasogea kumshika, akanikataza kwa kiwiko.

"Gogo likiangukia kwangu," jirani akasema, "kuni ni zangu."

"Halitaangukia kwako. Mti unainamia huku."

"Haujawahi kuinamia huko hata siku moja. Nani amekuleta?"

"Mjukuu wangu."

"Basi mwambie yeye aangalie. Wewe huoni."

Babu akanigeukia, akanyoosha simu kuelekea kwangu. Wote wawili wakanyamaza, wananisubiri. Nikarudi nyuma hatua tano ndani ya majivu, nikafumba jicho moja, nikautazama mti toka chini hadi juu.